Ukoko wa Maziwa: Adui Akaaye Ndani ya Mtungi

Mkulima wa ng'ombe wa maziwa hufanya kazi miezi mingi kabla ya kupata lita moja ya kuuza. Hupanda nyasi, huzikata na kuzichukua begani, hununua dawa ya kupe, hulipa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, huamka alfajiri kukamua. Kazi hii yote huweza kupotea kwa dakika 5 katika kituo cha kupokea maziwa. Mpokeaji hutia maziwa kidogo katika kijichupa, huyachanganya na spiriti kwa kipimo sawa sawa, hutikisa, hutazama. Akiona vipande vimeganda, husema neno moja tu: "Rudi nayo."

Mkulima akirudi nyumbani na maziwa yake hutafuta wa kulaumu. Humlaumu ng'ombe. Hulaumu chakula kilichonunuliwa dukani. Humlaumu mpokeaji, kwamba ana chuki. Mara nyingi ajabu ni hii, kwamba adui amempakia yeye mwenyewe juu ya baiskeli au pikipiki, naye amekaa ndani ya mtungi. Jina lake ni ukoko wa maziwa.

Makala haya yataeleza ukoko huo ni kitu gani, waondolewaje bila kuharibu mtungi, na ni makosa gani yanayoweza kumdhuru mtu wakati wa kuuondoa. Yafaa yasomwe nyumbani kwa sauti, maana aoshaye mtungi mara nyingi siye alisomaye gazeti.

UKOKO NI KITU GANI?

Katika kila lita 100 za maziwa, karibu lita 87 ni maji. Kilichobaki ni mafuta, sukari ya maziwa, protini na madini kama chokaa. Maji hukauka upesi. Vile vingine hubaki juu ya chuma, na kila kimoja kina tabia yake.

Mafuta hushika kama samli katika sufuria; maji baridi hayayatoi, bali sabuni na maji ya moto. Protini ina tabia ya ute wa yai. Ute wa yai ukiwa baridi huoshwa kwa maji matupu, lakini ukipata moto huganda na kung'ang'ania. Madini hukaa kama mawe. Chokaa ya maziwa hukutana na chokaa ya maji, nayo hufanya tabaka nyembamba, nyeupe au ya manjano, ambayo haijali sabuni hata kidogo.

Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya wiki mbili au tatu, utaona doa kama nta kavu chini ya shingo ya mtungi, kwenye mshono wa chini, na chini ya mpira wa kifuniko. Watu wa viwandani huliita jiwe la maziwa. Sisi tuliozoea sufuria ya ugali twaweza kuliita ukoko, maana tabia yake ni ile ile.

Kama doa hili lingekuwa jambo la uzuri tu, lisingestahili nafasi katika gazeti. Ubaya wake ni kwamba ukoko ni nyumba ya vijidudu. Una matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Vijidudu huingia humo, hula mabaki ya maziwa, na sabuni hupita juu yao kama mvua juu ya bati. Mkulima akimimina maziwa yenye joto la ng'ombe, vijidudu hutoka na kuanza kazi.

Na tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Chukua kijidudu kimoja tu kinachogawanyika mara mbili kila nusu saa. Baada ya saa 1 ni 4. Baada ya saa 4 ni 256. Baada ya saa 8 ni 65,536. Sasa kumbuka kwamba ukoko wa upana wa ukucha hauna kijidudu kimoja, una maelfu na maelfu. Hao ndio wageuzao sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo igandishayo maziwa mbele ya mpokeaji.

HABARI YA MAMA MMOJA WA KIMBO

Upande wa Ruiru mashamba makubwa ya zamani yamekatwa vipande vidogo vidogo, na katika Kimbo mtu huweza kufuga ng'ombe wawili bandani, nyuma ya nyumba za kupanga. Mama mmoja wa huko alikuja ofisini na malalamiko, akamkuta afisa wa mifugo.

"Daktari," akasema, "maziwa yangu yamekataliwa mara tatu wiki hii. Jirani yangu tunanunua nyasi kwa mtu mmoja, na ya kwake yanapokelewa. Ng'ombe wangu ana ugonjwa gani?"

"Kiwele umekiangalia, Mama?"

"Nimekiangalia. Hakuna uvimbe, na maziwa ya kwanza hayana madonge."

"Mtungi umekuja nao?"

"Huu hapa. Jana nimeusugua kwa mchanga mpaka unaweza kujitazama uso."

Yule afisa akautazama. "Kweli Mama, nje najiona. Sasa tia mkono ndani, upitishe ukucha chini ya shingo."

Mama akatia mkono. Alipoutoa, chini ya ukucha palikuwa na kitu cha manjano. Akakinusa, akanyamaza.

"Ng'ombe wako hana ugonjwa," akasema afisa. "Mwenye ugonjwa ni mtungi."

Akaelezwa namna ya kuuosha, nayo ndiyo hii tunayoieleza hapa. Wiki iliyofuata maziwa yake yalipokelewa. Ng'ombe alikuwa yule yule, na nyasi zile zile.

MAKOSA MANNE YA KILA SIKU

Kosa la kwanza ni kuanza na maji ya moto. Mtu hufikiri kwamba moto ndio usafi, kwa hiyo humimina maji yanayochemka katika mtungi wenye mabaki ya maziwa. Huyu anapika ukoko. Protini huganda pale pale, na kila siku huongeza tabaka jipya.

Kosa la pili ni kuuacha mtungi ukauke. Mtungi uliotoka kituoni saa 2 asubuhi ukaoshwa saa 10 jioni umepewa nafasi ya kushika ukoko mchana kutwa.

Kosa la tatu ni kusugua kwa mchanga, jivu lenye changarawe, au waya wa kusugulia masufuria. Mama zetu walisugua vyungu kwa mchanga, na haikudhuru, maana chungu hurudi motoni na moto huua vijidudu. Mtungi wa maziwa haurudi motoni. Kila mkwaruzo ni mfereji wa vijidudu kujificha, na ukoko mpya hushika upesi zaidi mahali palipokwaruzwa. Tena waya huacha vipande vidogo vya chuma ambavyo hushika kutu.

Kosa la nne ni kukausha ndani ya mtungi kwa kitambaa. Kitambaa kilichopangusa mikono, kiwele na meza hurudisha uchafu wote uliokwisha kutolewa.

NJIA ILIYO SAWA YA KILA SIKU

Fuata utaratibu huu kila mara, wala usiruke hatua:

1. Mara mtungi unapomwagwa maziwa, suuza kwa maji baridi au ya uvuguvugu mpaka maji yatoke bila weupe. Kama kituo kina bomba, suuza hapo hapo kabla ya kurudi.

2. Osha kwa maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, pamoja na sabuni ya vyombo isiyo na marashi. Sabuni yenye harufu huacha harufu hiyo katika maziwa. Tumia burashi ya nyuzi za plastiki yenye mpini, ifike chini kabisa. Sugua shingo, mshono na kifuniko. Ondoa mpira wa kifuniko uoshwe peke yake.

3. Suuza kwa maji safi mara mbili.

4. Ua vijidudu. Kwa mtungi wa chuma au alumini, mimina maji yanayochemka, funika, acha dakika kadhaa, kisha mwaga. Wakati huu maji ya moto hayana hatari ya kupika ukoko, maana maziwa yamekwisha kutoka.

5. Pindua mtungi mdomo chini juu ya kichanja kilicho juu ya ardhi, mahali penye jua na hewa, mbali na vumbi na kuku. Usiupanguse ndani.

Wazee wa jamii za wafugaji walijua kwamba kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili mbali mbali. Wamasai hutakasa vibuyu vyao vya maziwa kwa kijinga cha mzeituni wa mwituni, yaani moto na moshi baada ya kusafisha. Hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba kibuyu kisichopitishwa moto hakiweki maziwa.

KUONDOA UKOKO WA ZAMANI

Ikiwa ukoko umekwisha kushika, nguvu haifai kitu. Madini hayaondolewi kwa kusuguliwa, bali kwa kuyeyushwa na asidi. Nyumbani asidi inayofaa ni siki nyeupe au maji ya limau.

Kwanza osha mtungi kwa sabuni na maji ya moto kama ilivyoelezwa, ili mafuta yatoke. Asidi haipenyi mafuta. Kisha changanya siki na maji kwa kipimo sawa sawa. Huna haja ya kujaza mtungi. Lowesha kitambaa safi katika mchanganyiko huo, ukibandike juu ya ukoko, uache kwa nusu saa. Ukoko ulio chini ya mtungi umiminie tu lita moja na kuuzungusha mara kwa mara. Baadaye sugua kwa burashi. Utaona ukoko unatoka kama tope jepesi. Suuza, osha tena kwa sabuni, suuza tena. Ukoko wa miezi mingi una matabaka ya mafuta na madini yaliyopandana, kwa hiyo huenda ukahitaji kurudia sabuni na siki siku mbili au tatu. Usikate tamaa, wala usikimbilie waya.

Ukiisha kuuondoa, fanya kazi hii ya siki mara moja kwa wiki. Wenye maji magumu wasiache hata wiki moja. Maji ya visima virefu mara nyingi huwa magumu. Tazama ndani ya birika lako la chai. Likiwa na tabaka jeupe, ujue mtungi nao unapata lile lile. Maji safi ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati hayana chokaa hiyo, nayo yafaa sana kwa kusuuza.

MTUNGI WAKO NI WA NAMNA GANI?

Mtungi wa chuma kisichoshika kutu ndio mvumilivu kuliko yote. Huvumilia sabuni, siki, maji yanayochemka, na hata magadi ya kufulia, vijiko 3 vya mezani katika lita 10 za maji ya moto, kwa kutoa mafuta sugu.

Mtungi wa alumini ni mwepisi na mzuri, lakini magadi huula. Magadi makali yaitwayo kostiki, ambayo watu hutumia kutengenezea sabuni, huchemka juu ya alumini, hutoa hewa inayoweza kushika moto, na kutoboa mtungi. Usiyatie kamwe. Siki pia isilale humo usiku kucha; nusu saa yatosha.

Jerikeni ya plastiki ndiyo mbaya kuliko yote kwa maziwa. Mkono hauingii, jicho halioni, na plastiki hukwaruzika upesi. Bodi ya Maziwa ya Kenya, ambayo msingi wake ni Sheria ya Maziwa ya mwaka 1958, imekuwa ikiwahimiza wakulima na wachuuzi waache jerikeni na kutumia mitungi ya chuma. Hata gorogoro tupu la mafuta ya kupikia, ambalo wengi hulitumia kupimia maziwa, halifai. Mdomo wake hushika kutu, na mshono wake hauosheki.

DAWA ZISICHANGANYWE

Hapa tunaomba msomaji atulie na asome mara mbili.

Wakulima wengine hupenda kuua vijidudu kwa dawa ya klorini, ile ya maji ambayo nyumbani hutumiwa kufanya nguo nyeupe ziwe nyeupe. Dawa hiyo ni nzuri ikitumiwa kwa kipimo. Kama chupa yaonyesha nguvu ya 3.5 katika 100, na dawa haina marashi, vijiko 2 vya mezani katika lita 10 za maji baridi vyatosha. Zungusha katika mtungi uliokwisha kuoshwa, ngoja dakika 5, mwaga, acha udondoke. Fanya hivi muda mfupi kabla ya kukamua. Usiiache usiku kucha, maana hula chuma na kufanya vishimo. Wala usiitumie kabla ya kuosha, maana uchafu huimaliza nguvu.

Lakini dawa ya klorini isikutane kamwe na siki, limau, wala dawa ya kuoshea choo. Asidi ikikutana nayo hutoka hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na askari wengi wakafa kwa kuchomwa mapafu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini, mahali ambapo mtoto hupumua. Tena usiitumie kuoshea banda lililojaa mkojo wa ng'ombe. Mkojo nao hutoa hewa mbaya ukichanganyika nayo.

Mtu anayeosha mtungi huweka kichwa chake karibu na mdomo wa mtungi. Hebu fikiri: siki ya jana haikusuuzwa, leo anamimina klorini, naye ameinama. Kwa hiyo siku ya siki iwe siku ya siki, na siku ya klorini iwe siku ya klorini. Siku ya siki tumia maji yanayochemka kuua vijidudu. Fanya kazi nje, penye upepo.

Ikitokea harufu kali ya kuchoma pua, acha kila kitu, toka nje penye hewa safi, watoe watoto, mwende hospitali kama kifua kinabana. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15, kisha nenda kwa daktari. Na dawa hizi, hasa kostiki, zisiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto hasomi, huona soda. Akiinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe.

Ni jambo la kushangaza kwamba mambo haya matatu yalichunguzwa na mtu mmoja. Mwuza dawa wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alitoa hewa ya klorini mwaka 1774, akapata asidi ya maziwa yaliyochachuka mwaka 1780, na mwaka 1784 akapata asidi ya limau. Adui na dawa zake mbili zilipita katika mikono ya mtu mmoja. Basi kazi ya mkulima ni kuzijua, na kuziweka mbali mbali.

FAIDA YAKE NI NINI?

Tuseme mkulima anapeleka lita 20 kwa siku, na bei ni shilingi 45 kwa lita. Mtungi mmoja ukikataliwa, amepoteza shilingi 900. Ukikataliwa mara tatu kwa wiki, ni shilingi 2,700, na ng'ombe amekula siku zote 7. Chupa ya siki nyeupe hainunuliwi kwa zaidi ya bei ya lita chache za maziwa, na burashi hudumu miezi mingi.

Tena hasara si ya mtu mmoja. Katika chama cha ushirika maziwa ya wakulima wengi humiminwa katika tangi moja. Mtungi mmoja mchafu ukipita bila kuonekana, huweza kuharibu maziwa ya watu 50 walioosha vizuri. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndiyo sababu mpokeaji ni mkali, naye akikataa maziwa yako leo, analinda ya jirani yako. Kesho akikataa ya jirani, analinda ya kwako.

Basi, ndugu mkulima, jioni hii kabla ya kukamua, chukua mtungi wako uupeleke penye mwanga. Usiutazame nje. Tia mkono ndani, pitisha ukucha chini ya shingo, kwenye mshono wa chini, na chini ya mpira wa kifuniko. Ukitoka safi, hongera, endelea hivyo. Ukitoka na kitu cha manjano, umekwisha kumwona adui. Anza na maji baridi.